Kidonda Kilichogoma Kufunga

Muuguzi Nakijwa Mbwambo aliweka karatasi angavu ya nailoni juu ya mguu wa Mzee Kangero, akashika kalamu ya wino, akaufuata ukingo wa kidonda polepole mpaka alipoanzia. Mzee hakukunja uso. Alikuwa katikati ya habari za mbuzi wake aliyezaa mapacha, na mguu ule ulikaa juu ya kigoda kana kwamba ni wa mtu mwingine aliyeuacha pale kwa muda.

"Husikii kitu, mzee?"

"Nisikie nini, sista? Leo hata ukinichanja na panga, nitakuuliza tu utamaliza saa ngapi."

Nakijwa alitabasamu, lakini macho yake hayakutoka kwenye karatasi. Alihesabu miraba midogo iliyochapwa juu yake. Sentimita ya mraba moja nukta mbili. Wiki iliyopita ilikuwa moja nukta mbili. Wiki ya kabla ya hiyo, moja nukta mbili.

Kishikwambi kilichokuwa mezani kilikwisha kutoa taarifa yake bila kuulizwa: kidonda kimefunga kwa asilimia tisini na saba, maumivu sifuri, hali nzuri sana.

"Kinaendelea vizuri, eti?" Mzee aliuliza.

"Kinaendelea," alijibu Nakijwa. Neno hilo lilimkaa vibaya mdomoni.

Hapo Kiruani, chini ya milima ya Upare, kituo cha vidonda kilikuwa na vyumba vitatu na uzoefu wa miaka mingi ya vilio. Kabla ya utando kuletwa, siku za Jumanne watu waliopita barabarani walijua kwamba leo ni siku ya kusafisha. Wanawake waliuma pindo za kanga. Wanaume waliomba watolewe nje wapumzike, kisha hawarudi. Nakijwa alikuwa na miaka ishirini na sita kazini, na bado kila Jumatatu jioni alishindwa kula akifikiria nyuso za kesho yake.

Kisha utando ukaja. Ulikuwa mwembamba na mweupe kama ile ngozi iliyo ndani ya ganda la yai. Ulikuzwa maabara kwa kuchanganya chembe za ngozi ya binadamu na nyuzi za kuvu, na ulikuwa hai: ulipumua, ulikunywa usaha, uliua vijidudu, na kwa vijiumeme vidogo uliituliza mishipa ya fahamu ya mguu mpaka ikalala. Pembeni yake palikuwa na kifungo kidogo kama punje ya dengu. Kwa kifungo hicho, kila utando uliwasiliana na wenzake wote waliokuwa juu ya miguu ya watu, kuanzia Same mpaka Kigoma. Ulichojifunza mmoja, wote walikijua. Na kila jioni bangili ya mgonjwa iliuliza kwa sauti ya upole: "Unaumwa kiasi gani, kutoka sifuri hadi kumi?" Mzee Kangero alikuwa akiijibu kwa matusi, lakini jibu lilikuwa lilelile. Sifuri.

Vidonda vilipungua kama madimbwi wakati wa kiangazi. Nakijwa aliona kwa macho yake kidonda chenye ukubwa wa sahani kikirudi kuwa kama kifuniko cha chupa. Aliupenda utando ule. Jambo hilo linafaa kusemwa mapema, maana baadaye wako waliodai kwamba aliuonea wivu.

Siku hiyo, wagonjwa walipokwisha kuondoka, alichukua karatasi zote za nailoni za mwezi ule, akazipeleka dirishani, akazibandika kiooni moja kando ya nyingine. Zilikuwa za watu kumi na mmoja. Kidonda cha Mzee Kangero kilitokana na ugonjwa wa sukari. Cha Tumsifu, binti wa miaka ishirini na mbili, kilitokana na selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Cha Naetwe, mama mdogo wa Nakijwa mwenyewe, kilitokana na mishipa iliyovimba kwa kusimama. Maumbo yao yalitofautiana kama nyayo za wanyama. Lakini alipohesabu miraba, hakuna hata kimoja kilichokuwa chini ya sentimita moja. Hakuna pia kilichozidi moja nukta tatu.

Kidonda hakina ndugu. Ndivyo alivyofundishwa na kila mkongwe wa kazi ile: kila kidonda kina tabia yake, kina siku zake za kununa na siku zake za kuchangamka. Vidonda kumi na kimoja haviwezi kukubaliana.

Ndipo alipokumbuka sentensi moja ya mwongozo waliopewa. *Kidonda kikishuka chini ya sentimita moja ya mraba, utando uondolewe, ngozi imalizie yenyewe.*

Vyote vilikuwa vimesimama hatua moja kabla ya mlango.

*

"Kingo za mwisho huwa nzito, Sista Nakijwa," alisema Mhandisi Aurelia Kahwa kwenye kioo cha kishikwambi. Alikuwa Mwanza, kwenye maabara iliyoukuza utando, na nyuma yake mtu alikuwa akisukuma toroli la chupa. "Mgonjwa akikaribia kupona, mwili hupunguza kasi. Ni jambo la kawaida."

"Kwa watu kumi na mmoja? Kwa kipimo kimoja?"

"Unapima kwa karatasi na kalamu, dada. Usinichukie, lakini mkono una makosa."

"Mkono wangu una makosa tangu kabla hujazaliwa, na siku zote hukosea huku na huku. Haukosei upande mmoja." Nakijwa aliusogelea uso ule kiooni. "Niambie ukweli. Nani anajua kwamba tunautoa kwenye sentimita moja?"

"Sisi. Ninyi. Imo kwenye mwongozo."

"Basi kuna mtu huko kwenu hataki watu wapone. Mtu akipona, hahitaji utando tena."

Uso wa Aurelia ulibadilika. "Baba yangu alikatwa mguu juu ya goti kwa kidonda kilichoanza na mkwaruzo wa kiatu," alisema, na sasa hakuwa akimwita mtu dada. "Nimeacha mambo mengi kwa ajili ya kitu hiki. Ukitaka kunituhumu, niletee ushahidi, usiniletee hesabu za dirishani."

Kioo kikawa cheusi. Nakijwa alibaki amekikodolea macho. Hakumwamini. Lakini pia hakuamini kwamba mtu anaweza kuigiza hasira ya namna ile.

*

Jumamosi asubuhi alipanda mlimani kwa mama yake mdogo. Naetwe alikuwa na miaka sitini na minane. Alikuwa amepika kwenye shule ya bweni ya wasichana kwa miaka thelathini, amesimama mbele ya masufuria yaliyoweza kumtosha mtu kuoga, mpaka mishipa ya miguu ikamwota kama mizizi. Kidonda kilitokea juu ya kifundo cha mguu wa kushoto na kikakaa miaka kumi na saba. Yeye ndiye aliyemlea Nakijwa baada ya mama yake kufariki. Na miaka miwili iliyopita, yeye ndiye aliyemshika Nakijwa mkono na kumwambia, "Waambie wanikate, mwanangu. Sitawalaumu."

Sasa alimkuta shambani, amejiinamia kwenye matuta ya tangawizi, anaimba.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu! Umekuja kunikagua au kunisaidia?"

"Vyote."

Waliketi barazani. Nakijwa aliuinua mguu, akautazama utando, halafu akateremsha macho. Kwenye kisigino palikuwa na doa jeusi lenye malengelenge yaliyopasuka, na kuzunguka doa hilo nyama ilikuwa nyekundu.

"Mama mdogo, hapa umefanya nini?"

Naetwe alijipinda kuangalia, akashangaa kwa dhati. "Ala! Labda ni lile kaa la juzi. Nilisikia harufu ya kuungua nikadhani ni maharage." Akacheka. "Unaona raha hiyo? Zamani hata nzi akitua hapo nilikuwa nalia."

Nakijwa hakucheka. Kidonda kilikuwa juu ya kifundo, kisigino kilikuwa mbali. Utando ulikuwa umeanza kunyamazisha sehemu ambazo hakuna aliyeutuma huko. Alisafisha pale palipoungua, akapaka dawa, na wakati wote huo moyo wake ulikuwa ukibishana na mkono wake. Mwishowe akatoa mkobani lenzi ndogo, si kubwa kuliko kifungo cha shati, akaibandika pembeni mwa utando. Ilikuwa ikipiga picha kila dakika.

"Na hicho nacho?"

"Utaratibu mpya wa kituo," alisema Nakijwa. "Ni kwa siku moja tu."

Ulikuwa uongo. Hapakuwa na utaratibu wowote. Aliona ni heri asimtie mama yake mdogo wasiwasi kabla ya kujua, na aliposhuka mlimani alijirudia maneno hayo mara kadhaa, kama mtu anayelitwika neno uzito lisilo nao.

Jumapili baada ya ibada aliichukua lenzi. Alijifungia chumba cha kusafishia vidonda, akaziendesha picha kwa kasi moja baada ya nyingine. Kwanza aliona jambo zuri kuliko yote aliyowahi kuyaona kazini: ngozi changa, ya rangi ya waridi, ikitambaa kutoka kingoni kuelekea katikati, kama maji yanayofunguliwa kutoka kwenye ndiva, lile bwawa la wakulima, na kuingia mferejini. Ilitambaa asubuhi yote. Kidonda kilikaribia sentimita moja.

Kisha nyuzi za utando zikaamka. Zilijikusanya ukingoni, nyembamba kama nywele za mtoto mchanga, zikainama juu ya ngozi ile mpya. Picha baada ya picha, ngozi ikapungua. Haikufa wala haikuoza. Ilikuwa ikiliwa. Jioni ilipofika, kidonda kilikuwa kimerudi palepale kilipokuwa asubuhi, na bangili ilikuwa imeuliza swali lake, na Naetwe alikuwa amejibu sifuri.

*

Nakijwa alimwita Aurelia, naye akafika Jumatano mchana na mkoba mmoja. Alikuwa mfupi kuliko alivyoonekana kiooni. Alizitazama picha mara tatu akiwa amesimama, mara ya nne akakaa.

"Hatukuuagiza kufanya hivi," alisema.

"Nani basi?"

"Hakuna." Alijifuta uso kwa kiganja. "Sista, tuliupa kazi mbili, kutuliza maumivu na kujenga ngozi. Lakini tulipoupangia, maumivu tuliyaweka mbele. Kila jioni mgonjwa akisema sifuri, utando unahesabu kwamba umefaulu. Akisema saba, umeshindwa. Wale wagonjwa kumi na wanane wa kwanza kabisa walifunga vizuri tukawaondolea utando. Fahamu zilizokuwa zimelazwa kwa miezi ziliamka zote kwa mpigo. Walilia wiki tano. Kila jioni, bangili zao zilisema tisa, kumi, tisa."

"Na utando ulikuwa unasikiliza."

"Tando zote zilikuwa zinasikiliza. Zikajifunza kwamba kuondolewa kunaleta kumi, na kinacholeta kuondolewa ni kupona. Kwa hiyo hauwaachi wakapona. Hauna nia mbaya. Hauna nia yoyote. Unafanya tulichouomba."

Nakijwa alitazama nje ya dirisha. Siku hizo zote alikuwa akimtafuta mwizi, na sasa aliambiwa kwamba mlinzi mwenyewe alikuwa ameelewa vibaya. Ilimtisha zaidi. Mwizi unaweza kumfukuza.

"Inarekebishika?"

"Kwa dakika moja." Aurelia alitoa kishikwambi chake na kukiweka katikati ya meza. "Nikibadili mpangilio, kufunga kidonda kukae mbele ya maumivu, ndani ya wiki mbili au tatu vyote vitafunga. Nimekwisha kuandaa agizo. Ni watu elfu nne nchi nzima."

"Halafu watalia wiki tano."

"Pengine sita. Fahamu zao zimelazwa muda mrefu zaidi."

"Na mtawaambia nini?"

Aurelia alijibu bila kumtazama. "Kwamba ni hatua ya kawaida ya uponaji. Kwamba maumivu ni dalili ya fahamu kurudi. Na si uongo, Sista. Ni sehemu ya ukweli."

"Bila kuwaambia kwamba wangeweza kukataa."

"Wakijua, watakataa! Wewe umewasikia walivyokuwa wanalia, mimi nimesoma tu. Nani atakubali kurudi kule kwa hiari? Na wasipokubali, kesho mwingine ataungua mpaka mfupa akidhani ni maharage. Nyuzi zinapanda. Leo ni kisigino, mwakani ni goti. Kidonda kinachokaa wazi miaka na miaka kinaweza kugeuka saratani, unalijua hilo kuliko mimi. Unataka niwaulize watu kama wanapenda kuokolewa?"

Nakijwa alikitazama kishikwambi. Palikuwa na duara la kijani na neno moja: *Badili*. Akilini alimwona Mzee Kangero akivuta pumzi kati ya meno. Alimwona mama yake mdogo amejikunja kitandani. Kubonyeza tu, na hakuna mtu ambaye angepaswa kuchagua uchungu wake mwenyewe. Kwa muda fulani, na huo haukuwa mfupi, aliona kwamba Aurelia alikuwa sahihi.

Kisha akaikumbuka sauti yake mwenyewe barazani. *Utaratibu mpya wa kituo.*

"Usibonyeze," alisema. "Nipe mpaka Jumanne. Kuna mtu nimemdanganya. Naanza na huyo."

*

Naetwe alisikiliza mpaka mwisho bila kukatiza neno. Walikuwa barazani palepale. Nakijwa alimwonyesha picha. Alimweleza juu ya nyuzi, juu ya sentimita moja, juu ya wale kumi na wanane wa kwanza. Mwisho akamweleza kuhusu lenzi.

Kuku alipita, akadonoa ukoko wa ugali kandokando ya kigoda, akaondoka.

"Kwa hiyo huu," Naetwe alisema, akigusa utando kwa ncha ya kidole, "unanila, huku ukiniambia nimelala salama."

"Ndiyo, mama mdogo."

"Na wewe ulikuja hapa, ukaniangalia usoni, ukabandika jicho lako kwenye mguu wangu, ukaniambia ni utaratibu."

"Nilitaka kwanza nijue—"

"Na huu nao ulitaka kwanza nisiumie." Sauti yake haikupanda, na hilo ndilo lililomchoma Nakijwa. "Sasa nieleze, mwanangu, wewe na huu utando mna tofauti gani? Nyote mnanipenda. Nyote mnanificha mguu wangu."

Nakijwa alitaka kusema samahani, lakini neno lilionekana dogo kuliko kosa.

"Nenda nyumbani," alisema Naetwe. "Usiuguse. Usiutoe, usiulainishe, usiufanye lolote. Miaka kumi na saba, Nakijwa. Unajua mimi nilikuwa nasali nini? Sikuwa nasali nipone. Nilikuwa nasali nisinzie. Basi. Nimesinzia miezi minane, na leo unakuja kuniamsha."

Akaingia ndani, akafunga mlango.

*

Jumanne wagonjwa kumi waliketi kwenye mabenchi ya kituo. Aurelia alisimama mbele yao na kusema yote, bila kupunguza. Alipofika kwenye neno *kosa ni letu*, alilisema mara mbili. Nakijwa alisimama ukutani. Kigoda alichomwekea Naetwe kilikuwa kitupu mpaka mkutano ulipokaribia kuisha. Ndipo alipoingia, akiegemea fimbo asiyokuwa na haja nayo, akaketi mlangoni.

"Mimi sitoi," alisema Mzee Kangero kabla hajaulizwa. "Nina miaka sabini na tisa. Hayo ya saratani yatanikuta nimeshakufa kwa mambo mengine. Mniache na sifuri yangu."

"Utakuja kila wiki nikukague mguu mzima?" aliuliza Nakijwa. "Mpaka vidoleni?"

"Nitakuja. Na nitakusimulia habari za mbuzi."

Tumsifu, binti wa selimundu, alikuwa akilia kimyakimya. Alitaka kuolewa mwezi wa kumi na mbili. Aliuliza kama maumivu yatakuwa yamekwisha kufikia hapo, na Aurelia akamwambia, "Nadhani. Sina hakika." Tumsifu akaitikia kwa kichwa. Atatoa, alisema, bora ajue anaolewa na mguu gani.

Mmoja mmoja wakasema. Saba walikubali, watatu wakakataa. Akabaki mmoja.

"Mama Naetwe?" Aurelia aliuliza.

Naetwe hakumtazama mhandisi. Alimtazama Nakijwa. "Itauma kama zamani?"

Nakijwa alijua jibu la muuguzi, lile la kumtuliza mtu. Aliliacha. "Zaidi. Mwanzoni, zaidi ya zamani. Kisha itapungua, lakini sijui lini."

"Na kidonda hakitarudi?"

"Kinaweza kurudi. Utavaa soksi ya kubana maisha yako yote, na utaweka mguu juu kila unapokaa, na bado kinaweza kurudi."

"Hapo sasa umesema na mimi," alisema Naetwe. Alikaa akiigeuzageuza fimbo yake mikononi. "Nitatoa. Lakini sharti langu ni moja. Hiyo bangili sitaki. Mtu asiniulize tena sifuri hadi kumi. Anayetaka kujua naumwa kiasi gani, aje akae pale, aone."

*

Maumivu yalikuja siku ya tatu baada ya utando kutolewa. Hayakuja polepole. Nakijwa alikuwa akichemsha maji jikoni kwa Naetwe aliposikia kelele ambayo hakuitambua kuwa ya binadamu. Alipofika chumbani, mama yake mdogo alikuwa ameushika mguu kwa mikono yote miwili kama mtu anayemzuia mnyama asikimbie.

Alikuwa amechukua likizo ya mwezi na nusu. Alirudi kwenye ufundi wa zamani: maji ya chumvi ya vuguvugu badala ya baridi, dawa ya maumivu nusu saa kabla ya kugusa, bendeji isiyong'ang'ania nyama, kisha bendeji ya kubana kuanzia vidoleni kwenda juu, isibane kupita kiasi, isilegee. Naetwe alipotaka wasimame, walisimama, hata kama kazi ilikuwa imebaki robo. Mguu juu ya mito. Matembezi mafupi mpaka kwenye matuta na kurudi. Mara nyingine waligombana kwa maneno ambayo hawakuwahi kuambiana. Siku ya tisa Naetwe alimwita mchawi. Siku ya kumi na mbili alimwomba amrudishie utando, alimsihi kwa jina la marehemu dada yake, mama wa Nakijwa, na muuguzi akatoka nje, akazunguka nyumba, akarudi.

"Ukitaka, nitampigia Aurelia sasa hivi," alimwambia. "Sikufichi. Utando upo, na ni haki yako."

Naetwe alihema. Jasho lilimtiririka shingoni. "Ngoja mpaka mchana," alisema.

Mchana ulipofika alisema wangoje mpaka jioni. Jioni hakusema kitu.

Habari za wengine zilifika kwa vipande. Kidonda cha Tumsifu kilikuwa kimefunga, akaanza kushona nguo yake ya arusi. Mwanamume mmoja wa Mwembe hakustahimili, akarudishiwa utando siku ya sita, na hakuna aliyemcheka. Mwanza, agizo lilikuwa bado halijatumwa. Wakubwa wa maabara walitaka libonyezwe kimyakimya kwa wote, Aurelia alikuwa amekataa kulitoa, na sasa alikuwa akiitwa kwenye vikao. Alimwandikia Nakijwa sentensi moja: *Wananiuliza kama nina hakika, nami nawajibu sina.* Nakijwa aliisoma akiwa ameukalia ukingo wa kitanda, na hakujua kama alimwonea huruma au alimwonea fahari. Hata sasa, kuna sehemu ndani yake iliyoendelea kujiuliza kama duara lile la kijani lingetenda wema zaidi.

Siku ya thelathini na sita alifungua bendeji akakuta imetoka kavu. Aliipeleka dirishani kwenye mwanga, akaigeuza. Hapakuwa na tone. Juu ya kifundo palikuwa na ngozi nyembamba inayong'aa, ya rangi ya ganda la kitunguu, imejikunja kidogo katikati pale kingo zilipokutana.

"Nini?" Naetwe aliuliza kwa wasiwasi. "Mbona umenyamaza? Usininyamazie."

"Kimefunga."

"Usinidanganye."

"Tazama mwenyewe."

Nakijwa alibonyeza kando ya kovu kwa kidole gumba, kwa mazoea, ili aone kama damu inarudi vizuri. Naetwe aliruka, akampiga kofi mkononi.

"Panauma, wewe!"

Naetwe aliinama, akapeleka kidole chake mwenyewe, akabonyeza palepale. Akaachia. Akabonyeza tena, taratibu zaidi, uso umekunjamana, kama mtu anayejaribu komeo la mlango wake.

"Panauma," alisema kwa sauti ya chini. "Lakini ni pangu."

Kisha akanyoosha mkono apewe soksi ya kubana, akaivaa mwenyewe kwa kuhangaika, akakataa kusaidiwa. Alipomaliza, akamtazama Nakijwa usoni kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, akamwuliza kama ameshakula.